Namna ya Kumrithi Marehemu Usiyemjua

Waliotangulia walipoiita mitumba "kafa Ulaya" walikuwa wameshaandika nusu ya mwongozo huu. Kuna mtu ng'ambo amefariki, au amenenepa, kabati lake limefunguliwa, na koti lake sasa liko Karume, Ilala, kwenye meza ya kijana anayeimba bei. Mrithi ni wewe. Umemrithi nani, na aliishi lini? Hiyo ndiyo kazi yako.

Fika belo linapofunguliwa, kabla wenye maduka hawajapita. Usihangaike na mtindo, maana mtindo ni muongo: kola pana za miaka ya 1940 zilirudi tena miaka ya 1970. Geuza koti ndani nje palepale, bila kumwonea mtu haya. Muuzaji atadhani unatafuta matundu. Mwache adhani hivyo, bei itashuka.

Kisha lihoji. Kanuni ni moja: nguo haiwezi kuwa kongwe kuliko kitu kipya kabisa kilichoshonwa nayo tangu mwanzo. Lebo ya Marekani inaeleza namna ya kufua? Sharti hilo lilianza 1972. Inataja asilimia ya pamba na ya poliesta? Sheria yake ilianza kutumika 1960. Anwani ya duka ina msimbo wa posta wa tarakimu tano? Basi ni ya 1963 au baadaye. Ukikuta mfukoni lebo ya chama cha mafundi, Amalgamated Clothing Workers of America, jina hilo lilikoma 1976 chama kilipoungana na kingine. Mwaka uliochapwa juu ya lebo hiyo kwa herufi ndogo ni wa kusajili lebo, si wa kushona koti; wengi hujikwaa hapo. Kwenye jinzi za Levi's, angalia kilebo chekundu cha mfuko wa nyuma: E kubwa iliachwa 1971.

Ukikutana na alama ya CC41, nyamaza. Lipa, ondoka. Serikali ya Uingereza iliianzisha 1941, wakati wa vita, kwa nguo zilizoshonwa kwa kubana matumizi, na ikaiondoa 1952. Vita ile ilibana hata pindo la suruali: kwa muda, kukunja chini kwa nje kulipigwa marufuku ili kitambaa kisipotee bure.

Bado hujamaliza. Bana sehemu ya mbele ya koti kwa vidole, chini ya tundu la kifungo, uvute nje na ndani taratibu. Ukisikia tabaka la tatu likiteleza katikati, hiyo ni kanvasi iliyoshonwa, kazi ya mtu aliyejua kazi. Ukisikia tabaka moja gumu, imebandikwa kwa gundi na pasi. Chomoa uzi mmoja wa pindo nyumbani uuchome: sufu hunuka kama nywele na kuacha jivu linalosagika, poliesta huyeyuka ikawa kijishanga kigumu.

Mwisho, ingiza mkono mfuko wa ndani wa kifuani. Mafundi wa Uingereza wanaoshona kwa vipimo huficha humo lebo yenye jina la mteja na tarehe, vilivyoandikwa kwa mkono. Mimi nililikuta koti la namna hiyo, la kijivu, wino umefifia lakini mwaka unasomeka: 1958. Kiwiko kimoja kilikuwa kimetiwa kiraka kwa mshono mdogo mno. Mtu fulani alikaa karibu na taa akakishona. Nilimwambia mke wangu kwamba tumepata mgeni, naye akalitafutia hanga ya mbao.

Hamu ya kushonesha nguo mpya za mitindo ya zamani itakuja yenyewe. Anza na suti ya Kaunda au Chunlai, maana mafundi wetu wa makamo wanazijua bila kuchora. Na usidhani ni nguo ya makumbusho: Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya aliipiga marufuku suti ya Kaunda bungeni, na marufuku hupigwa kwa nguo inayovaliwa. Suruali ya miaka ya 1940 ni ngumu zaidi. Kiuno chake hufika kitovuni, ina marinda mbele na vifungo vya kushikia mikanda ya mabegani. Fundi kijana atakishusha kiuno kwa mazoea, akiamini anakusaidia. Mpelekee suruali ya mfano aipime, na ukae naye mpaka amalize kukata.

Ombi langu ni moja. Ukipeleka koti la marehemu wako kupunguzwa mikono au kubadilishwa bitana, mwambie fundi kabla hajashika mkasi: lebo zote zirudishwe mahali pake.