Ufukweni na Mama Mkwe

Nyumba ya tembe, ile waliyotujengea babu zetu Wagogo, ni kazi ya watu walioelewa ukwe. Paa bapa la udongo, kuta nene, madirisha ya kutafuta, na ndani giza la kutosha mtu mzima kupotea saa sita mchana. Mama mkwe akiingia mlangoni, mkwewe anajikuta kona ya pili, anakohoa kwa adabu, na kila mmoja anabaki na heshima yake. Hoteli za ufukweni Zanzibar zimejengwa na watu ambao, nadhani, hawajawahi kuoa.

Safari ilikuwa wazo la mke wangu. Mama yake alikuwa hajaiona bahari, naye akanikumbusha kwamba visingizio vimekwisha tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024. Zamani ungeweza kusema basi linavimbisha wazee miguu. Sasa bibi anapanda Dodoma na karanga zake, anashuka Dar es Salaam karanga hazijaisha. Zilizobaki alivuka nazo kwenda Unguja. Wahudumu wa boti walipopita wakigawa vifuko kwa ajili ya wenye kichefuchefu, mama alipokea chake, akashukuru, akatia karanga. Mimi changu nilikihitaji kwa matumizi yaliyokusudiwa, na nilipokitumia nilimpa mama kisogo, maana hata kutapika mbele ya ukwe kuna taratibu zake.

Tulifikia Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja. Njiani dereva alisimama msitu wa Jozani tuwaone kima punju, ambao hawapatikani kokote duniani isipokuwa visiwa hivi. Mama aliwatazama kwa macho ya mkulima, akauliza kama wanaingia mashambani. Dereva akasema waulize jirani zao. Mama akarudi garini. Yeye na kima walikuwa wamemalizana.

Hoteli ilikuwa nzuri, sikatai. Mapaa ya makuti, mchanga mweupe hadi mlangoni, upepo wa kusi unavuma kutwa kucha. Ila kuta kati ya chumba na chumba zilipanda kidogo kupita kimo cha mtu, zikakoma hapo ili hewa ipite juu. Hewa ilipita, na kila kitu kingine kikapita nayo. Usiku wa kwanza nilimsikia mama akisali upande wa pili. Alianza na wagonjwa wa kijijini, akaja kwa wajukuu, kisha akamwomba Mungu kwa unyenyekevu mkubwa amponye mkwewe kukoroma. Nililala macho wazi mpaka alfajiri, nikivuta pumzi kwa tahadhari.

Asubuhi nikaenda kuoga. Bafu lilikuwa nje: ukuta wa mawe ya matumbawe pande zote, juu hakuna kitu ila mbingu na mnazi. Nilikuwa nimeshajipaka sabuni kichwa kizima niliposikia sauti ikitoka mbinguni.

"Shikamoo, mzee. Samahani, nashusha nazi mbili tatu."

Nikaitika marahaba. Ningefanya nini? Sijui kama marahaba yenye povu inahesabika, lakini kijana aliipokea vizuri, akaendelea kukwea. Alikuwa mkwezi mwenye adabu kuliko wote niliowahi kukutana nao nikiwa uchi.

"Baba," mama akaita kutoka bafu la jirani, "unaongea na nani?"

"Na mkwezi, mama."

"Yuko wapi?"

"Juu."

Maji ya upande ule yakakatika ghafla. Kimya kikapita.

"Na huku kwangu anaona?"

"Hapana, mama," mkwezi akajibu mwenyewe. "Nimefumba macho."

Hakuna aliyetaka kumuuliza anakweaje.

Baada ya hapo niliazimia kuoga baharini, tena mapema, kabla ya chai, wakati ambapo mama huwa bado anafunga kilemba. Kibao cha hoteli kinawaomba wageni wajisitiri mabega na magoti wanapopita kijijini, na ni ombi la haki, ila Jambiani ufukwe wenyewe ndio barabara ya kijiji: wanafunzi, baiskeli, ng'ombe, wote wanapita hapo hapo. Kwa hiyo siku iliyofuata, saa moja asubuhi, nilikimbia na kaptula yangu ya kuogelea, kifua wazi, nikajitosa. Maji yalinifika shingoni. Nikatulia. Kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Dodoma nilikuwa mahali penye staha: kichwa nje, mengine yote kwa Mungu.

Mama akaja. Siku hiyo hakufunga kilemba. Akaketi chini ya kivuli cha makuti, mkabala nami kabisa, na mke wangu akaketi pembeni yake akitabasamu. Nikawasalimia kwa kichwa, kwa kuwa ndicho kiungo pekee nilichokuwa na ruhusa ya kukitumia. Kijana mmoja wa Kimasai akafika na bangili za kuuza. Mama akamuuliza kwao wapi, akasema Kiteto, basi biashara ikafia hapo, wakahamia kwenye bei ya mahindi Kibaigwa. Nikahesabu kwamba mazungumzo ya Kibaigwa yanaweza kufika adhuhuri. Sikujali. Bahari nilikuwa nayo.

Kumbe bahari ilikuwa na ratiba yake. Usiku uliopita mwezi ulikuwa mpevu, tuliusifu sote wakati wa chakula, na hakuna aliyetwambia kwamba mwezi ule ungekuja kutudai asubuhi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hujaa kupita kawaida na kupwa kupita kawaida. Kwenye mwambao wetu tofauti ya kujaa na kupwa wakati huo hukaribia mita nne, na Jambiani chini ni tambarare kiasi kwamba bahari ikiamua kuondoka inaondoka kweli, zaidi ya kilomita moja, hadi kwenye mwamba ambako mawimbi hukatikia. Mbaya zaidi, maji hayapungui kwa mwendo mmoja. Kasi kubwa iko katikati, kati ya kujaa na kupwa. Yaani saa moja asubuhi.

Maji yakashuka mabegani. Nikarudi nyuma hatua chache, yakapanda. Yakashuka kifuani, nikarudi tena. Sisi wa Dodoma maji kukauka si habari, ila bwawa letu hukauka kwa miezi, linakupa nafasi ya kujipanga. Haya yalikuwa yakikauka huku nikiyatazama. Yalipofika kiunoni nikapiga magoti. Yalipofika kiunoni pa mtu aliyepiga magoti, nikakaa. Mwishowe nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye kidimbwi, natambaa kwa viwiko kuifuata Bahari ya Hindi, na sauti ya mama ikanifikia vizuri kabisa, kwa kuwa upepo haukuwa upande wangu:

"Mbona baba anatambaa?"

Mmasai akasema labda ni mazoezi.

Nilitambaa mpaka nikakutana na vijiti na kamba. Lilikuwa shamba la mwani, nami nilikuwa nimeingia bila hodi. Kilimo hiki kilianza upande huu wa kisiwa mwaka 1989, Paje na Jambiani, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake. Hufunga vipande vya mwani kwenye kamba, wakatandaza kamba kati ya vijiti, kisha husubiri wiki kadhaa. Ukishakaushwa unasafirishwa nje kutengeneza kile kitu kinachofanya dawa ya meno isitiririke. Bei wanayolipwa kwa kilo, ukilinganisha na bei ya dawa ya meno, ni habari ya ucheshi wa aina nyingine. Na maji ya bamvua yanapokupwa ndipo shamba linafikika vizuri, kwa hiyo kijiji kizima cha akina mama kilikuwa njiani kuja nilipolala.

"We baba! Wanilalia mwani wangu!"

Nikaomba radhi bila kuinuka. Akauliza naumwa? Nikasema hapana, mama mkwe yuko ufukweni. Yule mama alitazama pwani, akanitazama mimi, akaelewa yote pale pale. Ukwe hauhitaji kufafanuliwa. Alifungua kanga yake ya juu, akanirushia, akageuka. Kanga ilikuwa na maandishi. Sikuyasoma. Mke wangu aliyasoma nilipofika, akacheka mpaka akakaa chini, na akakataa kuyarudia mbele ya mama yake.

Ila kabla ya kufika nilisimama kwa fahari ya mtu aliyevaa, nikapiga hatua, na mguu ukatua juu ya mmoja wa wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba. Nilirudi ufukweni kwa mguu mmoja, ndani ya kanga, nikisindikizwa na akina mama wa mwani walioacha kazi kwa ajili hiyo. Dawa ya hapo ni utomvu wa papai bichi, nalo likaletwa. Mama aliisimamia tiba yote akiwa mbali kidogo, amenipa mgongo kama adabu inavyotaka, akiuliza, "Wamepaka? Kashika? Mbona halii?" Nilikuwa nalia, kwa staha.

Urafiki wa mama na wale akina mama ulizaliwa hapo, juu ya wayo wangu. Kesho yake maji yalipokupwa chumba chake kilikuwa kitupu. Nikachechemea hadi nje, nikaona kule kwenye mwani mistari ya watu walioinama, na mmoja wao alikuwa na kilemba ninachokijua. Alikuwa amekunja kanga juu ya magoti. Aliniona wakati ule ule nilipomwona.

"Baba, geuka huko!"

Nikageuka. Nikatazama minazi. Juu ya mmoja alikuwepo yule kijana, amekumbatia shina, anatazama baharini kwa niaba yangu.

"Anafanya nini?" nikamuuliza.

"Anafunga kamba ya tatu, mzee. Ana mkono mwepesi."

"Hebu mwulize tunaondoka saa ngapi. Boti ni mchana."

Kijana akapaza sauti. Sauti ikajibu kutoka mbali, kisha kukawa na kicheko cha wanawake wengi.

"Anasema boti mpande wenyewe," mkwezi akanishushia taarifa pamoja na nazi. "Yeye wamempa kamba zake."