Muovu Aliyetoka Nyumbani: Barua kutoka Brussels kwenda Baraka

Barua hii, inayotoka Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, na kuelekezwa kwa wazee, akina mama wa sokoni, walimu na vijana wa Baraka, bila kuwasahau jamaa wa Mboko, Sebele na Kazimia, inahusu jambo ambalo huenda likaonekana dogo kwa watu wenye mihogo ya kulima na nyavu za kushona, lakini ambalo huku ughaibuni linawashughulisha watu wazima wenye ndevu, pensheni na gari. Jambo lenyewe ni mapenzi ya wasomaji kwa muovu wa kitabu cha picha, pamoja na desturi ya kuyasaka matoleo ya zamani ambamo muovu huyo alitokea. Kitabu cha namna hiyo, ambacho Kiswahili cha vitabuni hukiita kitabu cha katuni na ambacho nyumbani huitwa kwa herufi mbili tu za Kifaransa, bede, ni hadithi inayosimuliwa kwa michoro iliyopangwa ndani ya visanduku, huku maneno ya wahusika yakiwatoka midomoni na kuelea hewani kama mapovu ya sabuni. Kuhusu wahusika hakuna haja ya maelezo marefu, kwa kuwa kila mtoto wa Baraka aliyewahi kulipa ili aingie kwenye kibanda cha video anajua kwamba kila hadithi ina akteri, ambaye hafi, na shefu bandi, ambaye lazima afe karibu na mwisho, na ikiwezekana kwa mlipuko.

Ni kweli kwamba Fizi, eneo la Baraka huko Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, haijawahi kuagiza waovu kutoka vitabuni, kwani katika mwaka 1965 peke yake milima na fukwe zake zilipitiwa na Che Guevara, aliyejiita Tatu, na vilevile na Mike Hoare, kiongozi wa mamluki, yaani askari wanaopigania mshahara, na suala la nani kati yao alikuwa akteri na nani alikuwa shefu bandi lilitegemea upande wa mlima ambao mtu alikuwa amekimbilia. Wabelgiji waliobaki kwao, mbali na milima hiyo, walilazimika kuchora waovu wao kwa wino.

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni kwamba shefu bandi wa Ubelgiji naye hafi. Kanali Olrik, aliyebuniwa na mchoraji Edgar P. Jacobs katika hadithi iliyoanza kuchapishwa pamoja na toleo la kwanza la jarida la Tintin mnamo Septemba 1946, ametoroka mara nyingi kiasi kwamba hata kifo cha Jacobs mwenyewe mwaka 1987 hakikumzuia, maana waandishi wengine walimrudisha kazini mwaka 1996 akiwa na masharubu yaleyale. Jacobs, ambaye kabla ya kushika kalamu aliwahi kuwa mwimbaji wa opera, alimpa muovu huyo sura yake mwenyewe, jambo linaloonyesha kwamba mtu mwenye akili akiruhusiwa kuchagua nafasi katika hadithi huchagua ile inayovaa suti nzuri. Zorglub naye, aliyechorwa na Franquin kwa msaada wa Greg mwishoni mwa miaka ya 1950, huwalazimisha wafuasi wake kutamka kila neno kinyumenyume, na kama angeuteka mji wa Baraka ungeitwa Akarab, na huenda mamlaka za kodi zingehitaji miaka kadhaa kuupata tena. Rastapopoulos, adui mkubwa wa Tintin, akteri wa vitabu vya mchoraji Hergé, alitoweka ndani ya chombo cha angani katika kitabu cha mwaka 1968, na wapo wastaafu wanaozungumza juu ya kutoweka kwake kwa sauti ambayo Baraka huwekewa mvuvi ambaye ghuba haijamrudisha.

Sauti hiyo ndiyo inayoitwa nostalgia, yaani maumivu matamu ya kutamani kilichopita, na dawa yake, kwa imani ya wenyeji, ni kununua karatasi. Kila asubuhi, katika uwanja wa Jeu de Balle, ambako soko la vitu vikuukuu limekuwapo tangu mwaka 1873, wakusanyaji, yaani watu wanaotafuta kila toleo la mfululizo mmoja mpaka pengo la mwisho lizibwe, huinama juu ya makasha ya ndizi yaliyojaa vitabu, na namna yao ya kukagua inastahili kuelezwa kwa utulivu kwa sababu nyumbani haitaaminika. Mkusanyaji hafungui kitabu. Hukipindua na kusoma mgongo wake, maana jalada la nyuma la vitabu vya zamani vya Tintin hubeba orodha ya vitabu vilivyokwisha kutoka, na kwa kuilinganisha orodha hiyo na kitabu kikubwa cha bei kinachojulikana kwa herufi BDM, ambacho kimekuwa kikitolewa tangu mwaka 1979, mtaalamu hutambua mwaka wa uchapaji bila kupoteza muda kwa kusoma hadithi. Mama wa soko la Baraka anayefunua mashavu ya mukeke ili ajue kama samaki amelala barabarani siku mbili anatumia elimu hiyohiyo, isipokuwa yeye baadaye hupika. Mkusanyaji, akishalipa, hukivisha kitabu mfuko wa nailoni, hukisimamisha rafuni kama marehemu anayesubiri jamaa wa mbali, kisha hurudi uwanjani kesho yake kutafuta kingine.

Wala isidhaniwe kwamba ni upuuzi wa maskini. Mwaka 2021, mjini Paris, mchoro mmoja uliokuwa umekusudiwa kuwa jalada la kitabu cha Tintin cha mwaka 1936, na ambao hadi leo unaonyesha mikunjo ya kukunjwa kama barua ya mkopo, uliuzwa kwa zaidi ya euro milioni 3. Karatasi yenye mikunjo ya namna hiyo, ikionekana Baraka, ingeviringishwa mara moja iwe pakiti ya karanga.

Mwana wa Baraka hufika katika uwanja wa Jeu de Balle akitafuta sufuria. Sufuria za madukani hapa zimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaochemsha yai moja, na bugali, chakula kinachosongwa kwa mabega, hauwezi kusongwa ndani ya chombo chenye mkono wa plastiki, hivyo ni lazima atafutwe mzee anayeuza vyombo vya jikoni mwa marehemu mamaye. Kando ya sufuria ndipo linapokaa kasha la ndizi, na ndani ya kasha, bila kukosa, kimo kile kitabu ambacho Hergé, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo, alikichapisha kwa vipande kati ya mwaka 1930 na 1931 na kukichora upya kwa rangi mwaka 1946, yaani Tintin au Congo. Mwana wa Baraka hukifungua, kwa kuwa hajafundishwa kukipindua, na humo hukutana na muovu anayeitwa Muganga.

Hapa elimu inageuka kicheko, na inafaa istilahi zipangwe. Katika Kiswahili cha Fizi, muganga ni mtu wa hospitali, awe daktari au muuguzi, anayevaa koti jeupe, anayeulizwa kama dawa zimefika, na ambaye mama mwenye mtoto mwenye homa humwamkia kabla hajamwona. Anayepiga ramli ni mufumu, na anayeroga ni mulozi, na watu hawa watatu hawachanganywi hata na mlevi. Hergé aliwachanganya. Muganga wake, ambaye ni mpiga ramli wa kabila liitwalo Babaoro'm, jina lililotokana na keki ya Kifaransa inayolowekwa katika pombe ya ramu, anashirikiana na jambazi mweupe aitwaye Tom ili kumwangamiza Tintin, kwa sababu mgeni huyo anampunguzia heshima. Sababu mojawapo ya heshima hiyo kuzidi kupungua ndiyo inayomvunja mbavu msomaji wa Baraka, maana Tintin anapomkuta mtu mwenye homa humpa kwinini, mtu huyo akapona, na mkewe akamsifu mponyaji. Kwa hiyo, kwa Kiswahili cha Baraka, muganga wa kitabu hicho ni Tintin, na yule aitwaye Muganga ni mtu aliyekosa kazi.

Hatima za waovu hao wawili nazo zimegawanywa kwa namna inayomridhisha msomaji wa ziwani. Tom, ambaye baadaye inabainika kwamba alitumwa na Al Capone wa Chicago kwa sababu ya almasi, huliwa na mamba, kifo ambacho wavuvi hawawezi kukilalamikia, lakini Muganga, aliyevaa ngozi ya chui na makucha ya chuma ili aue, hukabwa na nyoka na kuokolewa na Tintin yuleyule ambaye Muganga alikwenda kumuua. Si wote waliocheka, na walikuwa na haki. Mwaka 2007 Mkongo aishiye Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikipeleka kitabu hicho mahakamani akitaka kizuiwe au angalau kiwekewe onyo kwa namna kinavyowachora Wakongo kama watoto wakubwa wenye Kifaransa kilichovunjika, na mwaka 2012 mahakama za Brussels zilimkatalia. Kwa maoni ya barua hii, onyo fupi lisingemdhuru yeyote, na lingeweza kusema tu kwamba muganga wa humu ndani si muganga.

Chui wa Muganga ana asili yake, na asili hiyo hufikiwa kwa tramu namba 44. Katika jumba la makumbusho la Tervuren, nje kidogo ya Brussels, kuna sanamu iliyotengenezwa na Paul Wissaert mwaka 1913, inayomwonyesha mtu wa chui, yaani mmoja wa wauaji wa siri walioitwa aniota, akimnyemelea aliyelala, na Hergé, ambaye Kongo yake yote ilikuwa kwenye majumba na majarida ya aina hiyo, alimchukua humo muovu wake. Watu hao wa chui walisimuliwa kutoka pande za Ituri, mbali na Fizi, ambako chui alikuwa na heshima tofauti kabisa, kwa kuwa kwa Wabembe meno na ngozi ya mnyama huyo vilikuwa alama za wakubwa wa bwami, chama cha vyeo na mafunzo ambacho serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku mwaka 1948. Sanamu ya Wissaert imebanwa sasa katika chumba cha chini pamoja na nyingine zilizostaafishwa, na karibu nayo unaning'inia mchoro wa Chéri Samba wa mwaka 2002 unaowaonyesha Waafrika wakiivuta kwa kamba itoke nje ya jengo huku wenye jumba wakiishikilia isitoke. Mwana wa Baraka husimama mbele ya mchoro huo kwa muda mrefu, bila kuelewa kwa nini yeyote kati ya pande hizo mbili anaitaka sanamu hiyo.

Hata hivyo humrudia muovu, na sababu yake ndiyo kiini cha barua hii. Mbelgiji humkumbuka Olrik kwa sababu Olrik ni utoto wake, lakini mwana wa Baraka hununua Muganga kwa sababu, katika mji wenye maelfu ya vitabu vya picha, jumba zima la sanaa hiyo lililofunguliwa mwaka 1989 ndani ya lililokuwa duka la vitambaa, na kuta za nyumba zilizochorwa mashujaa hadi paani, wahusika wanaoitwa kwa lugha ya nyumbani hupatikana upande wa shefu bandi.

Ushahidi wa mwisho ni meli. Mwaka 2014 Barly Baruti, mchoraji mzaliwa wa Kisangani, akishirikiana na Christophe Cassiau-Haurie, alitoa kitabu kiitwacho Madame Livingstone, ambamo rubani wa Kibelgiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza anatumwa kwenye Ziwa Tanganyika kuiangamiza meli ya kivita ya Wajerumani, Graf von Götzen. Katika vita vyenyewe zilikuwapo pia mashua mbili za Waingereza zilizoitwa Mimi na Toutou, majina ambayo kwa Kifaransa cha watoto wachanga ni paka na mbwa, ingawa mzee wa rasi ya Ubwari angemsikia mtu anayeanza kujitambulisha kisha akapiga honi. Wakusanyaji wa Brussels humhesabu Götzen miongoni mwa maadui. Msomaji wa Baraka hutazama umbo lake, bomba lake la moshi na staha yake, akaanza kucheka peke yake ndani ya tramu, kwa kuwa adui huyo, aliyezamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, akaibuliwa na Waingereza na kurudi majini mwaka 1927, ni Liemba, meli ileile ambayo watu wa ziwa wameipanda Kigoma wakiwa na madumu ya mawese na kuku waliofungwa miguu, na ambayo mwaka 1997 iliwarudisha makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kikongo kutoka Kigoma hadi Uvira. Hakuna muovu mwingine wa bede anayejulikana kuwarudisha watu kwao pamoja na magodoro yao.

Kwa hiyo jamaa wa Baraka wanaombwa wafungue masanduku. Kinshasa ilikuwa na jarida lake la picha, Jeunes pour Jeunes, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 na baadaye likaitwa Kake, yaani radi, na nakala zake zilisafiri mbali kuliko barabara za wakati huo. Mwenye toleo lolote chini ya godoro, hata lililoliwa na mchwa pembeni, asilifungie karanga wala ndagala, bali alikabidhi kwa msafiri wa kwanza anayekuja huku, na jalada la nyuma lisikatwe.