Muulize Shangazi: Boomu, Mjomba na Jini la Kibodi

Shangazi, shikamoo. Niko mwaka wa 1 chuoni, nimerudi likizo Mwanga na boomu mfukoni. Mchumba wangu kanichagulia laptopu ya magemu, kibodi inawaka taa za rangi saba. Anasema nikiwa nayo hata GPA itapanda. Ninunue? — Mwenye Boomu

Marahaba mwanangu. Hayo magemu utacheza wewe au yeye? Laptopu hizo ni nzito, na chaji inakata kabla kipindi hakijaisha. Wewe una asaimenti, slaidi na PDF za kusoma. Tafuta mtumba wa maofisini, ThinkPad, Latitude au EliteBook, yenye RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256. Prosesa ya Intel iwe kizazi cha 8 kwenda juu, maana Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa karibu zote za nyuma ya hapo. Muuzaji akikuimbia “Core i5 hii, dada,” soma namba iliyo baada ya kistari: i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-3320M ni cha 3, mzee mwenzangu huyo. Mchumba akizililia taa, ashuke ufukweni Kibirizi usiku akatazame za wavuvi wa dagaa. Hazina kiingilio.

Shangazi, shikamoo. Natafsiri Kifaransa na Kirundi kwenda Kiswahili, nalipwa kwa ukurasa. Mjomba wangu anayefanya biashara ng'ambo kaniletea laptopu kutoka Bujumbura kwa bei ya kutupa. Fundi akaipiga Windows upya. Tangu hapo nikiandika “mama” inatoka “;q;q”. Bibi anasema ina jini. — Mtafsiri, Ujiji

Marahaba. Mpe bibi pole, ubani autunze kwa shughuli nyingine. Kibodi yako ni ya Kifaransa: A imekaa ilipo Q ya kwetu, na M iko pembeni ya L. Fundi kaweka mpangilio wa Kiingereza, kwa hiyo kidole kinafuata herufi iliyochorwa na Windows inafuata yake. Ingia kwenye mipangilio ya lugha, ongeza kibodi ya Kifaransa, jini litatoka lenyewe.

Na usiikimbie kibodi hiyo. Wengine ningewaambia waiache, kwa sababu hata kuandika 2 lazima ushike Shift. Lakini wewe unakula kwa Kifaransa, na é, è, ç na à ziko hapo juu kwenye safu ya tarakimu, unabonyeza mara moja tu.

Kinachonitia wasiwasi ni hiyo bei ya kutupa. Izime laptopu, uiwashe huku ukibonyeza F2, au F10 kama ni HP, au F1 kama ni ThinkPad. Ikidai nenosiri ambalo mjomba halijui, yawezekana ni mali ya kampuni fulani na haijawahi kuachiwa. Irudi ilikotoka na boti ijayo. Ikipita hapo, fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport. Utapata ripoti ya uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake leo. Ikiwa imebaki chini ya nusu, mjomba apunguze bei, ujomba baadaye. Chaja ikiwa na pini mbili za duara, usiichomeke kwa kijiti cha kiberiti kama ninavyowaona mnavyofanya. Nunua adapta.

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu huku Kalya, nyumbani natumia sola. Nachukua kazi za kuchapa za watu. Inverta inamaliza betri kabla sijamaliza kurasa. — Mwalimu

Marahaba mwalimu. Chagua laptopu inayochajiwa kwa USB-C, kisha nunua chaja ya gari ya wati 65 uiunge kwenye betri yako ya volti 12. Inverta ipumzike, inakula umeme bure kwa kuupandisha hadi volti 230 ili chaja iushushe tena hadi 20. Na ukisafiri nayo kwa boti, laptopu ikae ndani ya ndoo yenye mfuniko, na dagaa wapande ndoo yao. Hiyo ndoo ya pili ukifika mjini nipitishie mimi.