Mpya au Orijino?

Hapa Nyamisangura, Tarime, mtu hanunui kitu peke yake. Anayelipa ni mmoja, ila wanunuzi ni wengi. Wapo wa kusema umepigwa, wapo wa kusema kwa hela hiyohiyo wangekupatia nzuri zaidi kule Sirari, na wapo wasiosema lolote kwa sababu wameshaanza kupanga siku watakayokuja kukiazima. Hao wa mwisho ndio gharama ambayo hakuna duka linaloiandika kwenye risiti, na ndio walionifanya nikomae na pikipiki ya mkononi mpaka leo.

Tulinunua mwaka mmoja, mimi na mdogo wangu. Yeye alikwenda dukani, akamwaga karibu milioni tatu, akatoka na Boxer yenye nailoni kwenye siti na vioo ambavyo havijawahi kugusa ukuta. Mimi nililipa chini ya nusu ya hiyo kwa jamaa aliyekuwa anahamia Mwanza, naye akaniapia kwa marehemu bibi yake kwamba injini haijawahi kufunguliwa. Kila pikipiki inayouzwa Tarime injini yake haijawahi kufunguliwa. Fundi wangu alipoifungua alikuta gundi ya gasketi ya rangi tatu, na nati moja ambayo si ya pikipiki kabisa, nadhani ni ya baiskeli. Akaikodolea macho, akatingisha kichwa, akasema, “Mura, humu wamepita watu.”

Na kweli walikuwa wamepita. Kadi ilikuwa na jina la mtu ambaye si yule aliyeniuzia, wala si yule aliyemuuzia yeye. Nilipotaka kuhamisha umiliki niandikwe mimi, namba ya pikipiki ikaleta faini za barabarani zilizolala, kati ya hizo moja ya kutovaa kofia ngumu katika mji ambao sijawahi kukanyaga. Ukinunua cha mkononi unarithi hadi dhambi. Nikalipa faini ya kichwa nisichokijua, nikashukuru angalau hakikuwa kichwa cha mtu aliyegongwa.

Mama watoto ana daftari. Lilianza kama daftari la vikoba, ila kurasa za nyuma amezitenga kwa ajili ya pikipiki: sahani za klachi, cheni na sproketi, ringi za pistoni, betri, tena betri. Jioni moja alijumlisha, akapiga mstari kwa rula kama mwalimu wa hesabu, akaniita. “Baba’ake, hii pikipiki sasa umeinunua mara mbili. Na bado haiwaki.”

Nikamwambia awaangalie vijana wa kijiweni. Kijana anachukua pikipiki mpya ya bosi kwa mkataba, anapeleka hesabu ya elfu kumi kila siku kwa mwaka mzima, jua liwake, mvua inyeshe, awe anaumwa, asiumwe. Hiyo ni milioni 3 na laki 6 na elfu 50. Siku mkataba unapoisha anakabidhiwa kadi, anapigiwa makofi, na pikipiki imekuwa yake. Ila itazame siku hiyo: taa moja imefungwa kwa mpira, siti imeshonwa upya, moshi unatoka wa bluu. Kalipa bei ya mpya na zaidi, akapewa ya mkononi, na aliyeichakaza ni yeye mwenyewe! Mimi nilifika hapohapo kwa njia ya mkato. Mama watoto alisikiliza mpaka mwisho, akafunga daftari, akasema chai imepoa.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mjini wanapolinganisha bei wanalisahau. Wao wanadhani vitu viko vya aina mbili, vipya na vilivyotumika. Kaa kwenye benchi la fundi wa Tarime nusu saa utajua viko vya aina tatu. Pampu ya breki ikifa, fundi anafuta mikono kwa kitambaa kilicho kichafu kuliko mikono, anakuuliza, “Nikuwekee mpya au nikuwekee orijino?” Anauliza bila kutania. Mpya imo kwenye boksi linalong’aa lenye maandishi ambayo hata muuzaji hawezi kuyasoma, nayo itakufikisha Jumamosi. Orijino imechomolewa kwenye pikipiki iliyokufa, ina kutu na mikwaruzo, na itakuzika.

Nchi nzima ilifundishwa somo hilo Juni 16, 2016, siku Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia. Waliokuwa na simu mpya za kuteleza, za laini mbili, zenye tochi na redio na spika ya kusikika hadi kwa jirani, walijikuta wameshika vioo vya kunyolea ndevu. Mama yangu alikuwa na Nokia kuukuu aliyoachiwa na shangazi, vitufe vimefutika hadi anabonyeza kwa kukumbuka. Ikaendelea kuita. Wiki hiyo wajomba waliokuwa wakimcheka walipanga foleni kwake kuomba kupiga.

Na uzee wenyewe unategemea umesimama upande gani wa mpaka. Pale Sirari ukivuka geti uko Isebania, Kenya, ambako gari lenye zaidi ya miaka minane haliruhusiwi kuingizwa nchini. Upande wetu huyo ni mtu mzima tu anayetozwa kwa umri wake: ushuru wa uchakavu asilimia 15 akishapita miaka minane, asilimia 30 akivuka kumi. Uganda tangu 2018 wameweka ukomo kwenye miaka kumi na mitano. Kwa hiyo kuna Toyota huko Japani ambayo ni haramu Kenya, ya kutozwa Tanzania, na kijana wa makamo Kampala, na yenyewe imetulia bandarini haina habari.

Lakini nilikuwa nasema kuhusu waazimaji.

Pikipiki yangu ina adabu zake. Unafungua koki. Unailaza kushoto mpaka usikie petroli inatona, unairudisha. Unavuta choki nusu, si yote. Unagonga karbureta kwa mpini wa bisibisi, bisibisi yenyewe inakaa chini ya siti na haikai kwa bahati mbaya. Kiki za mwanzo usivute mafuta hata kidogo. Inayofuata vuta taratibu, huku ukiangalia pembeni na kujifanya huna haraka. Ikihisi una haraka, umekwisha. Shemeji aliwahi kuiazima akafanya yote hayo, akasahau kuangalia pembeni. Alikwenda msibani kwa miguu.

Mwizi naye alikuja, usiku wa mvua, mvua zile za Tarime ambazo juu ya bati husikii hata mtoto akilia. Kuitoa uani hakupata shida. Aliisukuma hadi barabarani, na hapo, kwa jinsi udongo ulivyokuwa umechimbika asubuhi, alipiga kiki mpaka dunia ikamchosha. Tuliikuta imeegeshwa vizuri kwenye stendi yake, koki imefungwa, na ndara moja ya mguu wa kulia imekatika mkanda. Koki ilinigusa. Mtu kakasirika, kalowa, kavunja ndara, na bado kanifungia petroli isimwagike.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa analala miguu inamuuma, kwa sababu pikipiki yake mpya haikai nyumbani. Inawaka kwa kidole gumba. Mtoto wa darasa la tatu anaiwasha. Msiba ukitokea Nyamwaga, imekwenda. Ng’ombe wa baba mkubwa akivimba tumbo, imekwenda kufuata dawa. Gunia la mahindi la kusaga, mgonjwa, mgeni wa kupokelewa Sirari, barua ya posa Muriba, yote yanapanda siti ileile, nayo inarudi tangi kavu na kioo kimegeukia mbinguni, aliyeirudisha akisifu: “Iko vizuri sana, mura, itunze.” Na utamkatalia nani? Umnyime baba mdogo chombo kinachowaka, amekiona kwa macho yake kinawaka? Utalisikia hilo neno hadi kwenye kikao cha ukoo, tena siku ambayo wewe ndiye unayehitaji ng’ombe.

Alikuja kwangu kimyakimya kuomba ushauri. Nilimpeleka kwa fundi wangu, naye alielewa shida kabla hatujamaliza kuieleza. Akaweka swichi ndogo ya siri chini ya tangi, mahali ambapo kidole kisichopajua hakifiki. Ikizimwa, starti inalia tu, injini haishiki. Mdogo wangu akalipa. Maana yake, baada ya milioni karibu tatu za kununua kitu kisicho na kasoro, aliongeza hela nyingine ya kununulia kasoro, ambayo mimi nilipewa bure ikiwa ndani kwa ndani.

Wiki ileile baba mdogo alikwenda kuazima, akahangaika na kile kitufe hadi betri ikaanza kulegea, akakata tamaa. Akapita kwangu, akakaa, akapewa uji, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

“Nilimwambia mimi. Nilimwambia asinunue mpya, haya ya dukani siku hizi hayana kitu. Angetafuta ya mkononi kama yako.” Akanywa uji, akatazama uani. “Hivi yako leo inawaka?”