Kwa Heshima ya Desa

Washairi wamemsifu mnazi, wakausifu upepo wa kusi, wakasifu hata kikombe cha kahawa. Desa halijatungiwa ubeti hata mmoja, ingawa wapo wenye shahada zilizotiwa fremu ukutani ambao, bila desa, kidato cha nne wangekuwa wamekipanga mpaka leo. Deni hilo la shukrani nimeamua kulilipa mimi.

Kwa asiyelijua, desa ni karatasi kama kumi na tano hivi, kopi ya kopi ya kopi, zimepigwa stepla kwenye kona. Ndani mna riwaya mbili, tamthiliya mbili na mashairi machache ya Kiingereza, vyote vimeshasomwa kwa niaba yako. Ukishuka mwendokasi pale Msimbazi, Kariakoo, ukiingia mitaa ya ndani, utalikuta limelala juu ya turubai kati ya soksi na chaja za simu. Halina jalada wala mchapishaji. Halina makuu.

Bei yake ni ya huruma. Kwa shilingi 2,000 unakabidhiwa Wole Soyinka, Ngũgĩ wa Thiong'o na Guillaume Oyono Mbia, wamebanwa pamoja kama abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni. Vitabu vyenyewe ni ghali, na ukivipata vina tabia mbaya ya kuwa na kurasa nyingi. Chukua Weep Not, Child, riwaya ya Ngũgĩ ya mwaka 1964. Njoroge, mtoto anayeiamini shule kama wengine wanavyoiamini hirizi, anakuchukua kitabu kizima mpaka umwone amesimama na kamba mkononi, mama yake akimtafuta kwenye giza. Ukikisoma hicho usiku, asubuhi unaweza ukashindwa kunywa chai. Desa linakulinda. Linasema: Njoroge ni mpenda elimu, ni mvumilivu, ni mkata tamaa. Chai unakunywa.

Hata kwa mwandishi desa ni nafuu. Nyerere, urais ukiwa mabegani, alikaa akamhamishia Shakespeare kwenye Kiswahili. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka 1963, halafu 1969 akairudia na kuisahihisha, ikawa Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Miaka sita mtu anasumbuka na neno moja moja! Desa la Shakespeare huandikwa jioni moja, na kurudiwa halirudiwi.

Wanaolidharau desa hawajausoma mtihani vizuri. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa mwaka 1973, lina desturi ya kumtaka mtahiniwa atumie vitabu viwili na atoe hoja tatu kutoka katika kila kimoja. Tatu na tatu ni sita. Desa linazo sita, zimepewa namba, na kila moja ina mfano wake wa mstari mmoja na nusu. Kwenye pepa la Kiingereza la kidato cha nne huchapwa hata orodha ya vitabu pamoja na waandishi wake, kwa hiyo jina la mtunzi nalo si mzigo wa kutoka nao nyumbani. Kinachobaki kubebwa ni hoja. Na kubeba Kariakoo tunakujua: jina lenyewe la mahali hapa limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, watu waliotembea mamia ya maili na mizigo isiyo yao vichwani. Waangalie watoto wetu asubuhi za Novemba, midomo inacheza, shingo zimekaza, wanavuka Msimbazi polepole ili kisije kikamwagika kitu.

Mimi ni mwalimu wa tuisheni ya jioni. Chumba chetu kina feni moja inayozunguka kwa kujisikia, na wanafunzi wengi kuliko madawati. Miaka yote nimefundisha kwa desa, na hakujawahi kutokea ugomvi. Isipokuwa jioni moja, nilipofanya kosa la kitaaluma: niliingia darasani na kitabu.

Kilikuwa Three Suitors: One Husband, tamthiliya ya Oyono Mbia wa Kameruni. Nikaanza kuwasomea kwa sauti, huku nikifasiri. Mzee Atangana ana binti aliyesoma, Juliette. Kijana mkulima, Ndi, ameshaweka mezani faranga 100,000. Anatokea Mbia, mtumishi wa serikali, anapanda mpaka 200,000, na familia inageuka kama feni. Nyuma kabisa darasani kuna kijana ambaye mchana humsaidia mjomba wake kuuza mabegi Mtaa wa Congo. Akacheka peke yake. Nikamuuliza kulikoni.

"Ticha, huyu mzee dalali. Kashapokea advansi ya mteja wa kwanza, mzigo anamwonyesha wa pili."

Darasa likaamka. Tulipofika pale Juliette anapoziiba zile fedha na kumpa Oko, mpenzi wake asiye na senti, ili akazilipe mahari, kijana akapiga dawati. "Kawalipa kwa hela yao wenyewe! Congo hiyo ipo kila siku!" Ikawa mabishano. Wavulana wakasema binti ni mwizi, tena mwizi wa ndani. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, ambaye tangu Januari sikuwahi kuisikia sauti yake, akasema hakuiba chochote: ile ilikuwa bei yake, na yeye kachukua bei yake. Zikapita dakika ishirini. Feni ilisimama na hakuna aliyeiona.

Kisha yule wa mabegi akainua mkono, kalamu iko tayari. "Ticha, hilo lipo kwenye desa?"

Nikamwambia halipo. Kwenye desa, Juliette yuko hoja ya pili: nafasi ya mwanamke katika jamii, mwanamke kama chombo cha biashara.

Akafunika kalamu, na kwa heshima zote akaniomba turudi kwenye hoja ya pili. Ndipo nilipotambua ukuu wa desa. Mimi nilikuwa nimewapotezea wale watoto dakika ishirini za maisha yao, wakicheka, wakigombana, wakidhani fasihi ni mambo ya kwao. Desa halijawahi kumfanyia mtoto wa mtu unyama wa namna hiyo.

Sasa nifike penye aibu, maana sifa isiyo na ukweli ni kampeni. Desa linalotamba zaidi pale mtaani nililiandika mimi. Nililiandika kwa usiku mbili, kwenye simu, mwaka ambao kodi ya nyumba ilinikaba. Katika kurasa za The Lion and the Jewel ya Soyinka, nilikuwa nikiandika Sidi, yule kigori wa kijiji cha Ilujinle ambaye picha zake zimetoka jaridani, na simu yangu, iliyozoea kumwandikia fundi bomba wangu, ikawa kila mara inamsahihisha kuwa Saidi. Sikupitia tena. Kwa nini nipitie? Nilikuwa na hoja sita.

Mtihani wa moko ulipofika, nikasahihisha mafungu mawili ya karatasi yaliyokubaliana kwa kauli moja kwamba Saidi ni mrembo wa kijiji, kwamba Lakunle, mwalimu mwenye maneno makubwa ya kuazima vitabuni, anataka kumwoa Saidi bure bila mahari, na kwamba chifu Baroka, mzee wa miaka 62, anamlaghai Saidi mpaka anampata. Hakuna aliyeshangaa. Mmoja alifikia kuongeza kwamba hii inaonyesha mmomonyoko wa maadili. Nikakaa na kalamu nyekundu hewani kwa muda. Kuhusu Lakunle na maneno yake ya kuazima sikuwa na haki ya kumcheka mtu. Nikawapa alama zao zote. Hoja zilikuwa sahihi.

Wiki iliyopita nikapita Msimbazi nikalikuta. Jina langu lilikwisha kufutwa zamani na mashine za kopi, wino umefifia kama kanga ya bibi, lakini Saidi yupo bado, mrembo vilevile. Nikauliza bei.

"Elfu mbili, mzee wangu."

Nikamwambia buku jero.

"Hilo silishushi. Ndilo lenye pointi zote. Aliyeliandika alikuwa kichwa kweli yule mzee, na sasa ni marehemu, jipya halitatoka."

Nikatoa elfu mbili, na mia tano juu, ya rambirambi.