Afande, Besi Haipokei Amri

Afande, hongera kwa kumaliza utumishi wako jeshini salama. Umekabidhi vifaa, kiinua mgongo kimeingia benki, na tayari kuna shemeji anayekushauri ununue bodaboda tatu, na binamu anayejua kiwanja cha bei poa Chanika. Wasikilize kwa adabu, kisha waambie umeamua kupiga muziki. Watanyamaza. Tumia ukimya huo kupanda daladala ya Kariakoo.

Usiingie kinyonge. Eneo hili lilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na vita vilipoisha askari na wapagazi waliobaki mjini walishika tarumbeta na ngoma. Muziki wao, ulioitwa beni, ulikuwa na sare, vyeo na gwaride, na vyama vya Marini na Arinoti vilishindana mitaani kwa mbwembwe. Kwa hiyo mtu aliyetoka jeshini akaingia kwenye muziki ana wazee wake hapa, waliotangulia kabla ya duka la kwanza la simu.

Na baada ya Uhuru mambo yalikolea. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vya ulinzi navyo vikawa na bendi zake: Polisi Jazz, Magereza Jazz, Kimulimuli ya JKT, Mwenge Jazz ya JWTZ. Mpiga gitaa alikuwa mtumishi mwenye mshahara, na raia walilipa kiingilio kumsikiliza. Ukitaka mfano wa afande aliyekwenda mbali, mtazame Kapteni John Komba, aliyekiongoza kikundi cha TOT (Tanzania One Theatre) katika kwaya, taarabu na maigizo, na taarabu yake ikang'ara kwa sauti ya Khadija Kopa. Alifika hadi bungeni, na hakuacha kuimba mpaka alipofariki mwaka 2015.

Sasa kazi yenyewe. Cheo kiache mlangoni. Kiongozi wa bendi anaweza kuwa kijana wa umri wa mwanao wa mwisho. Atakusalimu "Shikamoo mzee," na dakika hiyohiyo atakwambia gitaa lako halijakaa sawa. Itikia "Marahaba," kisha kaza uzi. Mazoezi yakitangazwa saa nane mchana, wewe utafika saa saba na nusu, na mpiga tumba atafika saa kumi akiwa na chipsi mkononi. Usimrushe kichura. Hapa uraiani adhabu hiyo haipo, na tumba zake ndizo zitakazokubeba mwezi mzima. Muda wa kumsubiri ni muda wako wa kujifunza.

Kombati pia iache nyumbani, hata kama inakukaa vizuri kuliko suti. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo kuyasalimisha, na wewe sasa ni raia. Na usijiite Afande fulani jukwaani: msanii wa rap Afande Sele wa Morogoro alishalichukua jina hilo akalipa heshima yake.

Gitaa unaweza kulitafuta hukuhuku Kariakoo, kwenye maduka ya spika na vyombo vya muziki, lakini nenda asubuhi kabla njia hazijaziba. Muuzaji atakuita bosi na kukusifia rangi ya gitaa. Achana na rangi. Liinue, weka jicho kwenye mkia, tazama shingo kwa urefu wake kama ulivyokagua mtutu wa bunduki. Ikiwa imepinda, rudisha. Kisha bonyeza kila uzi kwenye kila pingili, moja baada ya nyingine, usikilize panapokwaruza. Omba lichomekwe kwenye spika na uutikise waya pale unapoingilia. Likikoroma, shusha bei au ondoka. Hapo ndipo utaona faida ya miaka ya ukaguzi wa silaha.

Nakushauri uchague besi au rithimu. Solo ina wenyewe, na vidole vyao vilianza wakiwa watoto. Muziki wetu wa dansi umefumwa kwa magitaa yanayorudia vipande vifupi, kila moja na chake, na wimbo unatokea pale vipande vinapopishana. Kwata imekufundisha nusu ya kazi hiyo: kushika mwendo bila kuharakisha, jua likiwaka, mtu akikuangalia. Nusu iliyobaki ni ngumu, maana gwarideni wote mlikanyaga mguu mmoja kwa pamoja, lakini kwenye bendi unatakiwa ukanyage pale mwenzako alipoinua. Wiki za mwanzo mwili wako utakataa. Uache ukatae, rudia. Mpiga besi asiyetetereka chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, linapopamba moto ni mtu adimu mjini, na bendi zinamhitaji kweli. Miziki mingi siku hizi inatoka kwenye kompyuta, na ninaumia kuona jukwaa la dansi likikosa mikono.

Kiinua mgongo usikigeuze kuwa bendi. Mwenye bendi ananunua spika, jenereta na usafiri, anatoa advansi, na mwimbaji aliyechukua advansi anahamia kwingine. Jeshini huo ni utoro. Kwenye dansi ndivyo watu wanavyopanda. Mwimbaji Muhidin Gurumo aliiacha bendi ile ya chama cha wafanyakazi mwaka 1978 akaenda Mlimani Park, baadaye Orchestra Safari Sound, kisha akarudi kwenye bendi yake ya zamani, na hakuna aliyemfikisha mahakama ya kijeshi. Alitangaza kustaafu mwaka 2013, akiwa na miaka zaidi ya sabini, kwa hiyo nawe usiseme umechelewa. Nunua chombo chako na nauli yako, pensheni ilipe kodi ya nyumba.

Ukitunga nyimbo zako, jisajili baraza la sanaa, BASATA, na kazi zako ziandikishe ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ukiwa hai, maana wajane wa wanamuziki wamezunguka sana na mafaili. Ukifanyia mazoezi kwenye chumba cha ghorofani hapa Kariakoo, adhana ya Msikiti wa Mtoro ikianza zima spika, na jirani wa chini mpelekee salamu kabla hajakuletea mjumbe.

Ukishapanda jukwaani, watu watakuja kukutuza. Muulize kiongozi mapema kama tuzo ni ya mtu au ya bendi nzima. Noti ikibandikwa kwenye paji la uso usisimame mguu sawa wala usiipigie saluti. Iache hapohapo mpaka chemko liishe, mikono yako ina kazi.