Fadhila za Reli ya Bububu

Katika jumla ya reli zilizowahi kutandazwa Afrika Mashariki, hakuna iliyodhulumiwa haki yake ya kusifiwa kuliko ile iliyotoka Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe wa Zanzibar hadi kijiji cha Bububu, mwendo wa maili 7 tu, sawa na kilomita 11 hivi, ambayo ilianza kazi mwaka 1905, ikanunuliwa na serikali mwaka 1911, ikaacha kuchukua abiria mwaka 1922 na baada ya miaka michache ikang'olewa kama jino bovu. Waandishi wa historia ya reli huitengea nusu ukurasa, na sehemu kubwa ya nusu hiyo huwa imeliwa na picha. Uchoyo huo hauna udhuru, kwa kuwa fani ya kuvisifu vitu duni ni ya kale na ina heshima zake: Lucian wa Samosata, mwandishi wa karne ya 2, alitunga sifa za nzi, na Erasmus wa Rotterdam akachapisha mwaka 1511 kitabu kizima cha kuusifu upumbavu. Ikiwa nzi amepata mtetezi, na upumbavu umepata wake, reli ya Bububu haistahili kukosa.

Kwa desturi ya watungaji wa sifa, anayesifiwa hutajiwa kwanza nasaba yake, na katika jambo hili reli ya Bububu inao wazee wa kujivunia pande zote mbili. Upande wa kwanza ni wa kifalme. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alijengewa mwaka 1879 reli yenye upana wa futi 2 (upana wa reli ni nafasi iliyoko kati ya pau zake mbili za chuma) kutoka kwenye kasri lake la mjini hadi kasri la Chukwani, kusini mwa mji, alikokwenda kupunga hewa. Mabehewa yake mawili yalivutwa kwanza na nyumbu, hata mwaka 1881 ilipoagizwa injini ndogo ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza, nyumbu wakapumzishwa. Mfalme alipofariki, reli ilimfuata bwana wake: pau zikang'olewa na injini ikauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Wakati huo Wajerumani walikuwa bado hawajaanza reli yao ya Tanga, kazi iliyoanza mwaka 1893, wala Waingereza hawajaanza ya Mombasa, iliyoanza mwaka 1896. Kwa maneno mengine, Unguja ilikwisha kuchoka na reli kabla bara haijaanza kuwa nazo.

Upande wa pili ni wa kibiashara, na kwa hakika una harufu kidogo. Waliojenga reli ya Bububu hawakuwa mafundi wa reli kwa asili bali Arnold, Cheney & Co., kampuni ya New York iliyotajirika kwa pembe za ndovu, ambazo zilisafirishwa kutoka Zanzibar hadi Marekani na kukatwa katika viwanda vya Connecticut kuwa vibao vyeupe vya piano. Ndovu aliyeuawa ng'ambo ya Tabora ili binti wa Boston ajifunze muziki ana haki, kwa hiyo, ya kuhesabiwa miongoni mwa mababu wa gari la moshi la Bububu, ingawa hakuna kumbukumbu inayoonyesha kwamba alishauriwa. Wamarekani waliongeza upana ukawa futi 3, maendeleo ya futi nzima katika robo karne.

Njia yenyewe ilianzia ubavuni mwa Ngome Kongwe, boma la mawe lililojengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17, na ngome hiyo, ambayo kwa miaka mia mbili ilikuwa ikimngoja adui atokee baharini, ikageuzwa bohari ya reli, yaani mahali pa kuhifadhia vifaa vya ujenzi. Si majengo mengi ya kivita yaliyojaaliwa kustaafu kwa adabu namna hiyo. Kutoka hapo gari lilipenya Malindi, mtaa ambao njia zake zilipimwa kwa upana wa punda mwenye shehena, wala si kwa upana wa injini, na picha za zamani zinaonyesha pau za chuma zikipita kati ya nyumba kiasi kwamba abiria angeweza kugonga mlango wa mtu bila kushuka. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa kasoro ya kihandisi. Hao hawajafikiri vya kutosha juu ya baraza, yaani kile kitako cha mawe kilichojengwa kwenye ukuta wa mbele wa nyumba, ambapo watu huketi alasiri kunywa kahawa na kupitisha habari za wasiokuwapo. Reli ilipowekwa kando ya baraza, abiria na mwenyeji waliwekwa uso kwa uso, na kwa kuwa katika njia nyembamba namna ile hakuna dereva mwenye akili timamu ambaye angekimbiza injini, salamu ya Kiunguja, ambayo haikatishwi njiani, ilipata chombo kinachoistahili: pakawa na wasaa wa kuulizana hali, watoto, mgonjwa wa nyumba ya pili, mvua ya shamba na bei ya karafuu, na pengine wasaa wa kumtuma abiria kitu. Mwenye kuketi barazani alitakiwa tu akunje miguu. Treni za kisasa zinazokwenda kilomita 160 kwa saa kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024 hazijapata, pamoja na umeme wake wote, kumwezesha abiria kuitikia salamu ya mtu wa Pugu.

Moshi na cheche ndizo zilizoiharibia reli hii jina, na hapo panahitaji maelezo. Injini ya mvuke huchemsha maji ndani ya tangi hadi mvuke upate nguvu ya kusukuma pistoni, na mvuke uliokwisha kazi hutolewa kwa kishindo kupitia dohani, yaani bomba la moshi, ukivuta hewa kutoka tanurini ili moto uzidi kukolea. Pamoja na moshi, basi, hutoka makaa madogo yenye moto, ambayo upepo wa pwani huyapeleka upendako. Uadilifu wa makaa hayo haujawahi kutambuliwa. Katika mji ambao serikali ya himaya iliwapanga watu kwa asili zao, huyu Mwarabu, yule Mhindi, huyu Mngazija, yule mtu wa bara, cheche ya reli haikumwuliza mtu kabila wala dini, na kanzu ya tajiri wa mikarafuu ilikuwa sawa mbele yake na shuka ya mchukuzi wa nazi. Tundu la cheche katika kanzu nyeupe ya Ijumaa ni dogo, kama punje ya mtama, lenye ukingo wa rangi ya kahawia usiotoka kwa sabuni wala kwa ndimu, na halitiwi kiraka bila kuonekana. Anayelivaa huenda msikitini akiwa ameweka mkono juu yake kwa namna inayofanana sana na unyenyekevu. Ama nje ya mji, ambako nyumba ziliezekwa kwa makuti, majani ya mnazi yaliyosukwa na kukaushwa, injini ilikuwa ukumbusho wa kila siku kwamba paa lililozeeka libadilishwe. Mafundi cherehani na wasuka makuti wangeipa medali kama wangeulizwa.

Fadhila nyingine ni ya utalii. Abiria wa kawaida walikuwa wenyeji, watu wa shamba wanaokuja mjini na watu wa mjini wanaokwenda shamba, lakini lilikuwapo behewa maalumu la daraja la kwanza lililotengwa kwa ajili ya wasafiri wa meli, ambao meli yao ilitia nanga kwa saa chache tu na ambao walitaka kuondoka wakiwa wameiona Unguja. Waliketi, wakavutwa kuelekea kaskazini, wakaona minazi, wakarudi. Leo kazi hiyohiyo hufanywa na msururu wa magari yenye viyoyozi yanayopandisha Kidichi na Kizimbani kwa ziara za viungo, na mgeni hurudi na minazi ileile, pamoja na kofia ya makuti. Reli ya Bububu iligundua mapema kwamba kisiwa kinaweza kuonyeshwa chote kwa maili 7, na haikutoza ziada kwa ugunduzi huo.

Hata hivyo fadhila yake kubwa, ambayo zilizobaki zote ni vivuli tu mbele yake, ni kwamba haikufika popote. Ili uzito wa sifa hii ueleweke, inafaa itazamwe reli iliyofika, ile iliyoitwa Reli ya Uganda, iliyotoka Mombasa na kugusa ziwa mahali panapoitwa sasa Kisumu mwaka 1901. Reli hiyo iligharimu zaidi ya pauni milioni 5, ikaleta vibarua karibu 32,000 kutoka India, ikazika wapatao 2,500 kati yao, ikawapa simba wa Tsavo chakula mwaka 1898, na ilipokwisha, serikali ya Uingereza, ikiwa na deni mkononi na pau za chuma ambazo hazikuwa na mzigo wa kutosha wa kubeba, iliona dawa ni kuwaita walowezi waje walime kando yake, juu ya ardhi ambayo tayari ilikuwa na wenyewe. Kambi ya reli ya mwaka 1899 ikageuka Nairobi. Mengi yaliyofuata yanajulikana, na baadhi yake yamefika hata mahakamani.

Bububu haikugeuka Nairobi. Iliendelea kuwa kijiji chenye chemchemi, ambazo tangu zama za Barghash zilikuwa zikipeleka maji mjini kwa mabomba, na maji hayo yalifanya safari ileile ya reli kwa ukimya na bila tiketi. Hakuna mlowezi aliyeitwa ili kulipia gharama za maili 7, hakuna kabila lililohamishwa kupisha kituo, na hakuna gavana aliyeweza kusimama Bububu, akatazama mwisho wa reli, akaona himaya inamngoja mbele. Aliyesimama pale aliona minazi, na nyuma yake injini inageuzwa irudi Malindi. Ubeberu wahitaji umbali. Mtu hawezi kutawala bara kwa chombo ambacho mtembeaji hodari, akitangulia alfajiri, ana matumaini ya kukikuta mwisho wa njia, na kama reli zote za Afrika zingekuwa na maili 7, mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 ungebaki kuwa karamu ya wazee.

Kifo chake nacho kilikuwa cha heshima. Barabara zilitengenezwa, motokaa zikaongezeka, na abiria, ambao hawana uaminifu, wakahama. Huduma ya abiria iliposimamishwa mwaka 1922, reli haikuomba ruzuku wala haikuanzisha shirika lenye bodi na mkurugenzi. Ilishuka cheo ikawa hamali, ikabeba mawe ya kujazia bahari kwa ajili ya ujenzi wa bandari. Abiria wake wamerithiwa na daladala namba 502, ambayo hufuata ukanda uleule wa pwani kupita Maruhubi, Mtoni na Kibweni, ikiwa na watu waliobanana kiasi cha kusikia moyo wa jirani, na ambayo husimama popote utingo anapogonga bati, hata pasipo na kituo. Ama mawe, hayo yalikaa yalipomwagwa, na juu ya bandari ambayo yalisaidia kuijenga ndipo ziliposhushwa, mwaka baada ya mwaka, motokaa nyingine.